Saini ya Baba Mbuke

Jumatatu, 3 Februari

Madaftari arobaini na matatu mezani. Nimefika la tisa, chai imepoa. Mkono wa miwani umevunjika, nimeufunga kwa plasta ya kidonda. Wanafunzi hawakucheka. Walinyamaza kwa adabu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Wiki ya tatu ya shajara za kusoma. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne B, kila siku, nusu ukurasa kuhusu sura tuliyoisoma. Nakala za riwaya ni kumi na moja tu, kwa hiyo tunasoma kwa sauti, wanne wanne kwenye kitabu kimoja, kama kuku kwenye sahani. Nimewaambia wasinisimulie kilichotokea. Kilichotokea nakijua, hii riwaya naifundisha mwaka wa sita. Waniambie kimewafanya nini.

Masunga ameandika: "Riwaya hii imeandikwa kwa lugha nyepesi na yenye mvuto." Ni maneno ya jalada la nyuma. Nimemwandikia pembeni kwamba aliyeandika jalada nampa saba kwa kumi. Kesho atanakili jalada la mbele.

Siku ya kwanza niliwaahidi: daftari hili ni la wewe na mimi, hakuna mtu wa tatu. Nilisema kwa sauti ya mchungaji. Nilijipenda sana nilivyosema.

Alhamisi, 6 Februari

Leo nimesoma ukurasa mmoja mara tatu. Wa Mbuke, yule binti anayekaa dirishani safu ya nyuma, anayetembea kilomita nyingi kuja shule na bado anafika kabla yangu. Darasani haongei. Ukimuuliza swali anatazama viatu vyako, unaanza kujiuliza kama umevaa viwili tofauti.

Tuko sura ya tano. Sadala, baba wa kwenye riwaya, ameuza shamba la familia bila kumwambia mtu, akafungua duka mjini, duka linakufa. Kila jioni anawaambia watoto kwamba mambo yatakaa sawa. Anayesimulia ni binti yake.

Mbuke ameandika hivi, nanakili:

"Sadala anasema mambo yatakaa sawa. Baba naye anasema duara litatoa. Anasema hivyo akinawa mikono, hatutazami. Ng'ombe wameisha zizini. Mama amenyamaza. Mama wa kwenye kitabu naye amenyamaza, mimi nadhani anaogopa akianza kusema hataweza kuacha. Simwamini Sadala. Simwamini baba."

Duara ni shimo la dhahabu. Huku kwetu upande wa Geita watoto wanalijua neno hilo kabla ya neno hesabu. Mtu anauza mifugo, anaingia ubia na wenzake, wanachimba. Wachache hupata. Wengi hupata vumbi.

Pembeni nimeandika: "Asante. Endelea." Nilitaka kuandika zaidi, nikaogopa kuharibu. Nimefundisha miaka ishirini na nne na leo ndiyo mara ya kwanza mwanafunzi amenieleza yule mama kwa nini hasemi. Mimi huwa nawaambia ni "mhusika bapa". Wanaandika kwenye mtihani, wanapata alama.

Jioni nimetembea kurudi nyumbani nikijiona mwalimu bora wa kanda ya ziwa. Mbwa wa jirani akanibwekea kama kawaida.

Jumatano, 12 Februari

Mkuu wa shule kaniita ofisini. Kuna wazazi wanalalamika watoto wanakaa na daftari jioni wakati kuna kazi za nyumbani. Anataka mzazi ajue mtoto anafanya nini. Kila Ijumaa mzazi asaini chini ya ukurasa wa mwisho. Na wakaguzi wa udhibiti ubora wakija, tuwaonyeshe.

Nilipaswa kusema hapana. Nilipaswa kusema niliwapa watoto neno langu. Nikasema, "Sawa, Mkuu, ni wazo zuri." Halafu nikaongeza na kicheko. Kicheko sijui kilitoka wapi.

Darasani nimewatangazia. Saini tu, nikasema, mzazi hana haja ya kusoma. Masunga akauliza kama bibi anaweza kusaini. Nikasema bibi anaruhusiwa, mbuzi haruhusiwi. Wakacheka.

Baada ya kipindi Mbuke alinifuata mlangoni.

"Shikamoo Mwalimu. Ile saini ni lazima?"

"Marahaba. Saini tu, Mbuke. Dakika moja."

"Baba hasomi."

"Basi ndiyo rahisi zaidi."

Akatazama viatu vyangu. Akasema "Haya, Mwalimu," akaondoka. Mimi nikaenda kula kiporo cha wali.

Ijumaa, 14 Februari

Saini zimeletwa. Baba yake Masunga ana mwandiko uleule wa Masunga, mpaka ile herufi g inayolala chali. Nimeipitisha. Kama ni uongo, mimi ndiye niliyeuagiza.

Daftari la Mbuke halijarudi. Amesema baba yake hakuwepo, yuko machimboni, atarudi Jumamosi. Nikamwambia Jumatatu si mbaya.

Jumatatu, 17 Februari

Mbuke hayupo. Huyu hajakosa siku hata moja tangu Kidato cha Kwanza. Nimeuliza darasa, wote wakatazama chini. Nimejua kuna jambo, nikafungua kitabu tukasoma sura ya nane.

Jumanne, 18 Februari

Nimejua. Mwalimu Rehema, ambaye ni mlezi wa wasichana, amenieleza saa nne wakati wa chai. Sikumaliza chai. Niandike kwa mpangilio, labda itapungua uzito.

Baba yake Mbuke anaitwa Shija. Hasomi, lakini si mtu wa kudharau karatasi. Anaziogopa kwa sababu nzuri. Miaka ya nyuma walipita watu kwenye kitongoji chao wakipima ardhi, wakapitisha karatasi, wakasema ni mahudhurio ya mkutano. Akaweka dole. Baadaye ikaonekana haikuwa mahudhurio, na sehemu ya shamba lake ikawa si lake. Tangu siku hiyo, Rehema anasema, Shija haweki dole kwenye karatasi yoyote, hata ya kliniki, mpaka isomwe yote, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Anayesoma huwa ni Bundala, mwenyekiti wa kitongoji. Ndivyo wanavyofanya wengi kule, si yeye peke yake. Kila mtu kule anajua. Mimi nimekaa hapa miaka tisa sijui.

Basi Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, wamekaa nje kwa Bundala, Shija akaleta daftari la mtoto wake lisomwe kabla hajaweka dole. Bundala akasoma. Kurasa zote, kuanzia ya kwanza. Watu kama kumi na tano. Wabia wake wa duara wakiwemo. Mkewe alikuwemo. Mbuke alikuwemo.

Walipofika pale pa Sadala, Shija aliuliza Sadala ni nani. Kuna mtu akasema, "Si ndiye wewe huyo, bwana Shija!" Watu wakacheka. Bundala akaendelea kusoma, maana ameshaanza, na yeye anasoma kama mtu anayesoma barua ya serikali, hasiti. Akasoma mpaka "Simwamini baba."

Rehema anasema hakuna aliyecheka tena.

Shija hakumpiga mtoto. Alichukua daftari, akalikunja, akaondoka nalo. Jumatatu akamwambia Mbuke shule imetosha. Ataenda machimboni akamsaidie kupika shangazi yake anayewauzia wachimbaji chakula.

Nimeandika. Uzito uko palepale.

Jumatano, 19 Februari

Sikwenda. Nilisema nitaenda, nikapata sababu: kuna kikao cha idara. Idara ya Kiswahili ni mimi na kijana wa mazoezi ya kufundisha. Tulikutana dakika sita.

Mkuu amesema watahiniwa wote waje kuhakiki majina na kusaini wenyewe kabla ya Ijumaa ya tarehe 28. Asiyefika, jina lake litapelekwa kwa mtendaji wa kata kama mtoro, na mtendaji atamtumia mzazi mgambo. Mgambo akiingia kwa Shija mbele ya watu walewale, Mbuke hatarudi tena. Najua. Hata nisingekuwa mwalimu ningejua.

Nilimpigia Mama Kulwa. Mke wangu yuko Ibadakuli, anauza vitenge sokoni Shinyanga, tunaonana mwisho wa mwezi. Nikamweleza yote. Nilitegemea pole. Nikasikia ndege ya abiria inapita juu ya nyumba yetu.

"Wewe ulimwambia ni siri yake na wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Halafu ukamtuma akaitangaze."

"Sikujua watasoma, mama."

"Baba Kulwa, nenda. Ila usiende kufundisha."

Ananijua. Ndiyo shida ya kuoa mtu mwenye akili.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda. Nimeenda kufundisha.

Bodaboda imenishusha kwa Shija saa tisa. Kutoka pale unasikia karasha linasaga mawe ng'ambo ya kilima, halinyamazi, watu wa pale wanaongea kwa sauti ya juu hata wakiwa ndani. Zizi lipo, miti yake imekaa vizuri, ndani majani yameota. Nilijaribu kutolitazama. Nimelitazama.

Shija alikuwa amekaa kwenye kigoda ananoa sururu. Mtu mrefu, mweupe wa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwona mzee, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, taratibu, bila kunisahihisha. Baadaye nimeangalia fomu ya mtoto. Shija ni mdogo wangu kwa miaka minne.

Mkewe akaleta maji. Mbuke sikumwona, lakini kulikuwa na mtu anatwanga nyuma ya nyumba, na nilipoanza kuongea mtwangio ukasimama.

Nikaeleza. Mungu wangu, nilivyoeleza. Nikasema fasihi ni kioo cha jamii. Nikasema mhusika si mtu halisi. Nikasema kuna uhuru wa msanii. Kwa baba aliyesomwa hadharani, mimi nikamtolea nukuu za Kidato cha Tatu. Alisikiliza yote. Ananoa, anapima makali kwa kidole, ananoa.

Nilipoishiwa akasema:

"Mwalimu, mtoto amesema uongo?"

Nikasema sijui.

"Hajasema uongo. Ng'ombe hawapo, hata wewe umetazama." Akaweka sururu chini. "Sikatai kusemwa. Nasemwa machimboni kila siku. Lakini lile daftari lako limenisema mbele ya watu wangu, kwa maneno yaliyoandikwa. Mimi nimesemea wapi?"

Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha ameusikia. Hakusema ameupokea. Nikauliza kuhusu Mbuke na tarehe 28. Akasema shangazi yake atakuja kumchukua Jumatano.

Nimerudi kwa miguu mpaka barabarani, bodaboda sikuisubiri. Ule mtwangio ulianza tena nilipofika kwenye njia. Kwa nguvu zaidi.

Ijumaa, 21 Februari

Aibu. Sina cha kuandika. Nimefuta utaratibu wa saini. Nimewaambia darasa kwamba niliwapa ahadi na nimeivunja mimi, si Mkuu, si wazazi. Masunga hakufanya mzaha, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Wengi leo wameandika mistari miwili.

Mkuu hataki kungoja. Nimemwomba asimwandikie mtendaji mpaka Alhamisi. Amekubali kwa shingo upande. Akasema, "Wewe na hayo madaftari yako." Ni kweli. Yangu.

Jumapili, 23 Februari

Nimekwenda tena. Safari hii nimebeba kitabu.

Nilifikiria tangu jana: Shija amesikia maneno ya mtoto kuhusu Sadala, lakini Sadala mwenyewe hajawahi kumsikia. Amefananishwa na mtu asiyemjua. Nikasema angalau amjue. Nilikuwa sina mpango mwingine. Nilipomweleza Rehema akanitazama kama anayehesabu siku zangu za kustaafu.

Nimefika saa saba. Shija yuko nje na Bundala. Mwenyekiti aliponiona akainuka nusu, akakaa. Naye hana amani, maskini. Ananiambia, "Mwalimu, mimi nilisoma kilichoandikwa, ningerukaje?" Nikamwambia hakukosea. Aliyekosea yuko hapa amebeba kitabu.

Nikamwambia Shija sikuja kuomba kitu. Nimekuja kumsomea. Akisema nitoke, natoka.

Akasema, "Soma."

Nikasoma. Sura ya kwanza mpaka ya tano, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Nilipochoka Bundala akapokea, kwa ile sauti yake ya barua ya serikali, na kusema kweli ilimfaa Sadala kuliko yangu. Mkewe Shija alisogeza mkeka. Nyuma ya nyumba pakawa kimya, halafu Mbuke akaja akakaa kizingitini, ametupa kisogo. Hakunisalimia.

Shija alisikiliza vizuri kuliko darasa langu lolote. Anauliza: shamba lilikuwa na maji? Mwenye nyumba ya duka ni mtu wa kabila gani? Mara ya kwanza Sadala alipodanganya, akacheka kwa pua, akasema, "Huyu mjinga kweli." Bundala akacheka. Mara ya pili hakucheka.

Tulipofika mwisho wa sura ya tano akanyoosha mkono, nisiendelee. Akasema:

"Anayeongea humu ni mtoto."

Ndiyo, nikasema, binti ndiye msimulizi.

"Mke wake anafikiriwa na mtoto. Jirani anaongea. Mpaka yule muuza mafuta ya taa ana maneno yake. Huyu Sadala akifungua mdomo ni kusema mambo yatakaa sawa. Kitabu kizima hawamwulizi kwa nini?"

Nikapitia sura zilizobaki kichwani, moja moja. Hawamwulizi. Mpaka anakufa hawamwulizi. Miaka sita naifundisha. Nimetunga maswali ya mtihani juu ya Sadala, "Jadili ubaya wa Sadala kwa hoja sita". Sijawahi kuliona hilo.

Nikasema, "Hapana, Baba Mbuke. Hawamwulizi."

Akatikisa kichwa. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta kwenye mfuko, na si kitu cha kufurahisha.

Halafu akamwita Mbuke kwa Kisukuma, sauti ya chini. Sikukishika chote, nikasikia "daftari" na "kalamu". Binti hakugeuka. Akaita tena. Mama yake akasema neno moja tu, "Nenda," na ndilo neno la kwanza nililomsikia mama yule akilisema siku zote mbili.

Nikaaga. Si mambo yangu tena. Nilitamani sana kubaki, kwa umbea mtupu, na nikaondoka.

Jumanne, 25 Februari

Mvua tangu asubuhi, bati linapiga kelele, huwezi kufundisha. Wamesoma kimya. Kiti cha dirishani kitupu.

Kesho ndiyo Jumatano ya shangazi. Sijasikia chochote. Nimekaa na kalamu nyekundu, nasahihisha tungo za Kidato cha Pili kuhusu faida za ng'ombe.

Naogopa.

Jumatano, 26 Februari

Mbuke amekuja.

Nilifika saa moja kasorobo, amekaa dirishani, sketi imelowa mpaka magotini. Amesema shikamoo, nikasema marahaba. Akaweka daftari mezani kwangu, akarudi kukaa. Mkuu amemwita, amesaini jina lake kwenye orodha ya mtihani. Limekwisha hilo. Rehema amenipita kwenye korido akanigusa bega na rula, bila neno.

Daftari limekunjika katikati kama lilivyokunjwa siku ile. Ukurasa mpya, mwandiko wa Mbuke. Nanakili, maana nataka niwe nayo maneno haya:

"Mimi ni Shija, baba yake Mbuke. Anaandika Mbuke, mimi nasema. Ni kweli niliuza ng'ombe. Sikumwuliza mama yake, nilijua atakataa, na angekuwa sahihi. Shamba lilipopungua niliona watoto watano hawatatosha pale. Nikaona wenzangu wawili wamejenga nyumba za bati kwa duara. Sikuwatazama wale arobaini waliokosa. Nikisema duara litatoa, nilikuwa najisemea mimi mwenyewe, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kuniambia. Mtoto ameandika haniamini. Alinificha hilo, na mimi nilimficha la kwangu. Duara bado halijatoa. Sijui kama litatoa. Mbuke arudi shule. Mwalimu asilete tena karatasi ya kusaini."

Chini yake dole la wino wa zambarau, wa muhuri wa Bundala. Na chini ya dole, kwa mwandiko wa Bundala: "Imesomwa yote kwa sauti leo tarehe 25, mbele ya watu walewale."

Walewale. Kwenye mvua ile.

Nimelisoma nikiwa nimesimama kwenye stoo ya vitabu, mlango nimeufunga. Nimekaa humo mpaka kengele.

Ijumaa, 28 Februari

Tumemaliza sura ya kumi. Nimewauliza darasa: Sadala angesema nini kama angeulizwa? Hawakuzoea. Masunga akasema angeomba chai kwanza. Kisha wakaanza kweli, wakagombana, kipindi kikaisha hawajatoka.

Mbuke hakuinua mkono. Alikuwa anatazama nje.

Nimesikia Shija amerudi machimboni. Wabia wawili wamejitoa. Waliobaki bado wanashuka shimoni.

Jumanne, 4 Machi

Shajara ya Mbuke, leo:

"Sura ya kumi na moja. Sadala amerudi kijijini. Anakutana na jirani. Wanazungumza kuhusu mvua. Lugha iliyotumika ni nyepesi."

Na ya Ijumaa:

"Sura ya kumi. Duka limefungwa. Kuna tashbiha mbili."

Kila kitu ni sahihi. Mpangilio mzuri, hakuna kosa la herufi. Mkaguzi yeyote angempa vema.

Nilitaka kumwita. Nilipanga na maneno ya kumwambia, kwamba saini zimefutwa, kwamba hakuna mtu atakayesoma tena ila mimi. Nikajisikia ninavyosema. Ni yaleyale ya Januari. Sauti ni ileile ya mchungaji.

Sikumwita.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebadilisha utaratibu. Nimewaambia darasa kwamba kuanzia leo mwenye shajara ndiye anayeamua. Ukitaka nisome, weka daftari mezani. Usipotaka, andika, baki nalo, nami nitaamini umeandika. Mkuu atauliza alama zinatoka wapi. Nitamjibu akiuliza.

Yaliyoletwa leo ni kumi na tisa. La Masunga lipo, limeandikwa na Masunga mwenyewe safari hii, ni baya sana, nimefurahi.

La Mbuke halimo.

Ijumaa, 14 Machi

Wiki imeisha. Mvua imepumzika. Kipindi cha mwisho niliwaacha waandike dakika ishirini, mimi nikakaa mbele kujifanya nasoma. Kalamu tu zinasikika, na mtu mmoja anapiga chafya.

Mbuke alikuwa anaandika. Ukurasa mzima, akageuza, akaendelea upande wa pili. Alifunika kwa mkono wa kushoto, kama wanavyofunika kwenye mtihani. Mara moja aliacha kuandika, akatazama ukutani, akafuta neno, akaweka jingine.

Kengele ikalia. Madaftari yakaja mezani, moja baada ya jingine. Yeye akaliweka la kwake kwenye mfuko, akafunga zipu.

"Kwaheri, Mwalimu."

"Kwaheri, Mbuke. Msalimie baba."

Akasema atamsalimia. Nimebaki nimepanga yale ya mezani, ishirini na mawili. Nimeyabeba nyumbani.